Jina la Shefu Pierre

Tulilala Wazaire, tukaamka Wakongo, na mahabusu yaliyokuwa yamejaa wapinzani wa utawala wa zamani sasa yakajaa watumishi wake. Mimi nilifurahi. Wenzangu katika ligi yetu, chama cha kutetea haki za binadamu, walihubiri msamaha. Mimi niliwaambia mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Waacheni nao waonje.

Kazi yangu ilikuwa kuingia mahabusu kila Ijumaa na kuchukua majina. Wakili Jérémie, mkubwa wetu, aliyatuma kwa faksi hadi Banjul, kwenye Tume ya Afrika ya haki za binadamu, na Geneva kwa Umoja wa Mataifa. Watu walitucheka: faksi itazuia risasi? Lakini tulikuwa tumeona wenyewe. Mfungwa ambaye Geneva imeuliza habari zake, askari humwogopa kidogo. Asiyeulizwa hutolewa nje, na hiyo ndiyo safari yake ya mwisho.

Mume wangu, Mumbere, hakuulizwa na mtu. Alikuwa akileta sabuni kutoka Mokambo, mpakani, askari wakamkuta na matangazo ya chama cha upinzani ndani ya lori, wakamfunga. Nilimpelekea chakula kwa Shefu Pierre, mkubwa wa usalama wa wakati ule. Shefu alifunua sufuria, akala nyama mbele yangu, akafuta vidole, akasema hamjui mtu huyo. Ligi ilikuwa haijazaliwa. Sikumwona Mumbere tena.

Basi Ijumaa moja nikamkuta Shefu Pierre sakafuni, miguu mitupu, shati limechanika begani. Moyo wangu ulicheza ngoma, sitadanganya. Yeye hakunitambua.

“Mama, beba jina yangu,” akasema. “Benye banatoshwa inje hapa habarudiake. Tuma kule Geneva, nakuomba.”

“Mumbere iko wapi?”

“Mumbere gani?”

“Wa lori ya Mokambo. Ulikula nyama yake mbele yangu.”

Alinitazama sana. Niliona anatafuta kichwani mwake, kwa bidii ya kweli, na hapati kitu.

“Mama, balikuwa bengi,” akasema. “Sikumbuke.”

Angeniambia amemuua kwa mkono wake, ingeniuma kidogo kuliko hilo. Nikatoka.

Njiani kurudi ofisini nilikuwa na hasira na raha, vyote pamoja. Kumuua kulikuwa rahisi: kunyamaza tu. Wala nisingeshika kisu. Lakini kadiri nilivyokaribia mjini ndivyo nilivyoona kwamba nitapunjwa. Akifa leo, ameondoka na Mumbere wangu, na hakuna atakayemuuliza tena. Kufa ni kupumzika, na mimi mtu huyu sikumtakia kupumzika.

“Kuna jina lingine?” Jérémie akaniuliza.

“Pierre, wa usalama,” nikasema. “Litangulize.”

Jérémie aliijua habari yangu. Alinishika bega, macho yamelowa, akasema mimi ni Mkristo wa kweli. Nilimwacha aamini hivyo, nikasimama kando ya mashine mpaka karatasi ikapita.

Geneva wakauliza. Wakubwa wapya hawakutaka maneno, wakamhamishia gereza kubwa, kwenye godoro na daktari. Nilipokwenda kumwona alikuwa amenenepa kidogo. Akanishika mikono yote miwili.

“Mama, uliniokoa. Mungu akubariki.”

Niliiondoa mikono yangu. Nikamsogeza mbele mwanamke niliyekuja naye, aliyejifunga kitambaa cheusi.

“Huyu ni Albertine. Bwana yake alikuwa mwalimu, jina yake Mwenze. Ukumbuke polepole, uko na wakati. Ijumaa ingine nitakuja na Delphine, bwana ya kwake alikuwa mutu wa reli. Kisha nitarudia mimi, juu ya Mumbere. Sasa hakuna mwenye ataweza kukuua, papa. Geneva iko nakuangalia.”

Albertine akakaa mbele yake, akatoa picha ya mumewe kwenye kitenge, akamwekea magotini. Shefu Pierre akamwita mlinzi amrudishe ndani. Mlinzi akamjibu kwamba saa ya wageni bado haijaisha.