Pua ya Mpanda Farasi

Chembe moja ya jiwe, ndogo kama punje ya chumvi, ilinasa kwenye brashi ya waya. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi mbichi za makaburini, ndoo ya maji ya magadi kando yangu, mikono imeiva wekundu kwa baridi. Nikaitazama ile chembe, kisha nikamtazama mpanda farasi aliyechongwa chini kabisa, kwenye kitako cha msalaba wetu wa jiwe wa Kilvarna. Farasi alikuwa naye. Mabega alikuwa nayo. Uso hakuwa nao.

Nilijifuta mikono kwa aproni, nikamwaga maji nyuma ya ukuta, nikarudi nyumbani kumenya viazi.

Kwetu mgeni hapokelewi na uchafu. Zamu ya misa ya nyumbani ikikufikia, padre huja kusomea misa mezani pako na majirani wote nyuma yake, basi unapaka chokaa hata banda la ndama ambalo padre hatalitupia jicho. Mama yangu aliwahi kumwogesha punda. Sasa Jumapili ile mlangoni pa kanisa tukaambiwa kuna mtaalamu anatoka Dublin, Jumanne ataupiga picha msalaba kila upande na kuutia kwenye kompyuta, hata mtu aliyeko Australia aweze kuugeuza kwa kidole. Nikautazama msalaba wetu, wenye miaka elfu na zaidi, umeota magamba meupe na ya manjano kama uji uliokaukia sufuriani. Nikaona aibu. Jumatatu asubuhi nikaanzia chini, upande wa ukutani. Upande wa Malachy.

Malachy ni mume wangu. Siku hizo macho yake yalikuwa yamekufa katikati, yamebaki ya pembeni tu: aliona fremu ya mlango, asimwone anayeingia. Kila Jumapili baada ya misa nilimshika mkono hadi msalabani, akainama na fimbo yake, akaweka kidole gumba usoni pa yule mpanda farasi, akatoa taarifa.

"Ana pua ya ami Colman. Ileile. Ukoo wetu ulikuwa hapa kabla ya watawa waliouchonga msalaba huu."

Baba yake alimfundisha hivyo, na baba yake alifundishwa na babu. Uso wangu ulikwisha kumpotea, vilima vimempotea, farasi wake pia. Pua ile ndiyo iliyombakia. Nami nimeipitishia brashi ya waya.

Sikumwambia.

Mtaalamu akawa msichana, jina lake Líadan, mfupi, buti zimemzidi miguu, mcheshi. Aliweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akauzunguka msalaba kama wanawake wanavyozunguka kisima kitakatifu: hatua moja, picha, hatua moja, picha. Kufikia adhuhuri zilikuwa mia sita na ushee.

"Kila kipande kionekane kwenye picha tatu au zaidi, mama," alinieleza huku akitafuna mkate wangu wa soda, siagi kidevuni. "Kompyuta ndiyo inayozishona."

Kisha akachuchumaa kwenye kitako. Akaacha kutafuna.

"Nani ameosha hapa?"

Malachy, aliyekuwa amekaa ukutani, akawahi kujibu. "Mvua."

"Mvua ya huku ina brashi?"

"Mvua ya huku, binti yangu, ina kila kitu."

Ndipo nikajua kwamba anajua. Magadi yalikuwa yananuka mikononi mwangu tangu jana, na pua yake yeye ilikuwa nzima.

"Ni mimi," nikasema. "Niliosha kwa ajili yako, mgeni. Malachy, nimemfuta uso mpanda farasi wako."

Líadan akapumua. "Mama, jiwe hili haliguswi na brashi. Hata mswaki. Na itanibidi niandike."

"Andika."

Akaketi kwenye nyasi, kompyuta mapajani, akaziunganisha picha za upande ule. Tulikunywa vikombe viwili vya chai tukingoja. Mwishowe jiwe likatokea kwenye kioo, la kijivu, bila rangi wala magamba, kama kondoo aliyekatwa manyoya. Akalimulika kutoka ubavuni, humohumo kiooni.

"Njoo uone."

Nikaona mikwaruzo myembamba iliyopishana, kama kuku amepekua. Hiyo ilikuwa yangu. Na pale penye uso palikuwa na kishimo, laini kama ndani ya kijiko. Mikwaruzo yangu iliteremka kishimoni na kupanda ng'ambo.

"Brashi imepita juu ya shimo, haikulichimba," Líadan akasema. "Hili ni la miaka mia, pengine mia mbili. Ni vidole."

Nikageuka. "Malachy Geraghty. Pua iko wapi?"

"Haikuwapo."

"Miaka arobaini na mitatu unanihubiria pua ya ami Colman!"

"Baba aliniambia ipo. Nikaweka kidole, nikakuta shimo. Nikajua hata yeye alikuta shimo. Sasa nimwumbue mzee wangu?" Akachora chora nyasi kwa fimbo. "Halafu wewe uliipenda ile pua."

Ni kweli. Niliipenda.

Líadan alitusomea alichoandika. Mwanzo aliweka kwamba uso umeliwa na mvua na upepo. Akafuta, akaandika umeliwa na mikono ya wenyeji. Chini yake: mikwaruzo mipya ya brashi. Akauliza kama asiliandike jina langu.

"Liweke," Malachy akasema. "Msalaba mzima hauna jina la mwanamke hata mmoja."

Majira ya baridi Líadan alituletea kwa posta kipande cheupe, chepesi, kilichotolewa na mashine kutoka kwenye zile picha, ukubwa wa kiganja: farasi, mabega, kishimo, na mikwaruzo yangu yote. Malachy alikaa nacho mfukoni mwa sweta miaka yake minne ya mwisho. Akiwa jikoni anangoja chai, aliweka kidole gumba kishimoni, kisha akakipandisha polepole juu ya mikwaruzo.

"Hapa alipita mke wangu," alikuwa akisema. "Ana haraka. Wageni wanakuja."

Sasa kipo dirishani, kando ya saa. Kila Jumamosi nafuta vumbi: saa, watakatifu, sahani za maua. Nikifika pale nazungusha kitambaa pembeni. Kishimo kimeingia rangi ya kahawia, rangi ya kidole chake.

Wageni wakija, wakikute hivyohivyo.