Unga wa Ngano

"Yule daktari kamgeuza mtoto wa Perina kama chapati kikaangoni!" Katell, mama mkwe wa Soazig, alisema dirishani, akiwa uani. "Akaona doa, akashangilia. Ati sisi Wabretoni wa pwani hii ni Wamongolia tuliopotea njia! Tangu jana mume wa Perina hali chakula cha mkewe. Na leo meya kaamuru tumfungulie milango."

Soazig hakucheka. Alimbana mwanawe kifuani.

Kiwandani, walikokata vichwa vya dagaa, wanawake walimtungia wimbo daktari huyo wa Paris na koleo lake la kupimia vichwa. Soazig aliimba nao mpaka akajikata kidole. Apime vichwa, aliwaza, apime na mashavu. Lakini sasa daktari alikuwa akiwavua nguo watoto wachanga, akitafuta doa la buluu juu ya makalio. Alama ya damu ya mbali, alisema.

Mwana wa Soazig alikuwa nalo.

Tangu ajifungue hakumruhusu mama mkwe kumwogesha mtoto. Mumewe, Klaoda, alikuwa baharini akivua jodari. Akirudi ataambiwa nini? Kwamba mkewe amezaa na baharia mgeni? Na ulimi wa Katell ulikuwa kisu cha kiwandani: ukikugusa, kichwa chini.

Katell akavuka ua akaingia, viatu vyake vya mti vikigonga mawe.

"Lete mtoto," Katell alisema.

"Amelala, mama."

"Lete, mjinga wee!"

Akamnyang'anya, akafungua vitambaa. Doa likajitokeza, kama wino uliomwagika. Soazig alifumba macho akingoja tusi. Badala yake alisikia kifuniko cha pipa la unga.

"La baba yake lilikuwa kubwa kuliko hili," Katell alinong'ona huku akipaka unga juu ya doa. "Nikamficha mume wangu mpaka likafutika. Miaka yote nilidhani ni aibu ya tumbo langu peke yake. Usimdondoshee machozi, utaniharibia kazi!"

Mlango ukasukumwa. Daktari alivua kofia, akampokea mtoto bila kuomba, akamlaza kifudifudi penye mwanga wa dirisha. Mgongo ulikuwa mweupe, mweupe mno. Alitoa miwani, akaifuta, akainama hadi pumzi yake ikagusa ngozi.

Mtoto akapiga chafya. Vumbi jeupe likainuka, likaelea katika mwanga, na wanawake wawili wakashikana mikono nyuma ya aproni zao, wakilitazama linavyoshuka.