Kiapo Nilichokiandika Mwenyewe

Kabla sijawa meneja wa mieleka nimekuwa kila kitu ambacho mama mzazi hawezi kumweleza jirani. Nimeimba kwenye ghala chini ya duka la viatu, nimevaa koti lililoshonwa kwa pazia la zambarau. Nimeigiza maiti katika mchezo wa jukwaani, nikafukuzwa kwa sababu maiti ilikuwa ikijibizana na watazamaji. Nimetangaza redioni wiki moja. Nimerekodi kanda nzima ya kuvitukana vyombo vya nyumbani: kitanda, jiko, mlango usiofungika. Kanda ile haikuuzwa dukani hata siku moja. Watu walinakiliana wao kwa wao, na mpaka leo wapo wenye mvi wanaoweza kukuimbia tusi la kitanda mwanzo hadi mwisho. Hawakuwa wengi, lakini walinipenda kufa. Waliniita Shubiri.

Mieleka ilinikuta ukubwani. Mwenye ukumbi aliniita nichekeshe watu kati ya pambano na pambano. Nikamtukana bingwa wake kidogo tu, watu nusura wang'oe viti. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kusimama pembeni ya ulingo na maikrofoni, nikimsemea mpiganaji.

Na mpiganaji wangu alikuwa mpwa wangu, kitinda mimba wa dada. Jitu la miraba minne, lilikuwa likibeba saruji bandarini. Ulingoni alikuwa moto wa kuotea mbali, ila ukimpa maikrofoni anatoka jasho mpaka viganjani. Nikambatiza Ukuta. Yeye awe ukuta, mimi niwe mdomo. Nilimfundisha kuanguka, kuunguruma, na ile alama yetu ya siri: ukimnyanyua mwenzako juu, unakibana kiganja chake mara mbili. Maana yake, nimekushika vizuri, haya ni maigizo, huumii. Naye akikubana, unajua yuko tayari.

Siku moja mwenye ukumbi alituita ofisini, kile chumba cha nyuma kinachonuka dawa ya kuchua misuli.

"Watu wamewazoea," alisema. "Ukuta inabidi akugeuke, mzee."

Nilifurahi kama mjinga. Katika kazi yetu hakuna kitu kinachojaza ukumbi kama mtu kumgeuka aliyemlea. Nikasema niachieni mimi, nitaandika kila kitu. Ukuta atanibwaga, nitashindwa, halafu nitaapa mbele ya umati kwamba sitakanyaga tena ukumbi ule wala kujiita Shubiri. Msimu ukifunguliwa nitatokea katikati ya watazamaji na koti langu la zambarau, na hapo ndipo patachimbika. Sehemu ile ya kurudi niliiandika huku nacheka peke yangu.

"Kiapo kiwe kikali," mwenye ukumbi alisema. "Watu waamini."

Mpwa wangu alikuwa anaangalia kamba za viatu vyake. "Mjomba, una uhakika na hicho kiapo?"

"Wewe kazi yako kunibeba," nikamjibu.

Akanibeba. Jumapili mchana, ukumbi umefurika, aliniinua juu ya kichwa chake nikauona uchafu wote ulio juu ya taa. Akanibana kiganja mara mbili. Nikambana. Akanibwaga kwa kishindo cha kuogopesha, lakini mgongo wangu ulifika chini taratibu, kama mtu anayetua trei ya mayai. Nikapiga magoti, nikaapa. Niliapa vizuri mno, laana yangu! Akina mama walilia. Wazee wangu wa ile kanda ya matusi walisimama, wakavua kofia.

Msimu ulipofunguliwa nilifika mlangoni na koti limefuliwa, limepigwa pasi. Bawabu, ambaye tumezoeana miaka, aliniangalia akaanza kucheka.

"Shubiri! Si umeapa, bwana?"

"Fungua. Ule ni mchezo."

"Najua ni mchezo. Ndiyo maana sifungui, utauharibu."

Nikadhani ananitania. Kisha, kupitia mlangoni, nikasikia maikrofoni. Sauti nzito, haikwami hata kidogo, ikilitukana koti la zambarau na mzee aliyelivaa. Maneno yalikuwa yangu, vituo vyangu, hata kile kikohozi changu kabla ya tusi kubwa. Msemaji alikuwa Ukuta. Umati ulikuwa unaunguruma.

Mwenye ukumbi alitoka akanishika bega. "Mzee, kiapo chako watu wamekipenda, tutakivunjaje? Na si mimi. Mpwa wako ndiye aliyeomba kisivunjwe. Aliomba kabla hujaapa."

Nilitaka kupiga kelele, na nikapiga. Nikawaambia waliokuwa kwenye foleni kwamba nimeuzwa na damu yangu, kwamba hii ni kweli, jamani, kweli kabisa. Wakapiga makofi. Mzee mmoja wa kanda alifuta machozi akasema sijawahi kuwa mzuri kama siku ile.

Nikaenda moja kwa moja kwa dada. Nilimkuta jikoni akimenya viazi.

"Dada, mwanao kaniuza."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Hata mimi unaniigizia, mdogo wangu?"

Nikakaa nikimngojea mwanawe, nimenuna. Alipoingia, begi begani, alisema shikamoo mjomba, nami nikaitikia marahaba kabla sijakumbuka kwamba nina hasira naye. Dada akavuta kigoda akae vizuri. "Haya, anzeni."

"Kwa nini hukuniambia unataka kusema mwenyewe?" nikamuuliza. "Ningekufundisha."

"Nilikuambia, mjomba. Mara ngapi? Ukanimalizia sentensi." Hakupandisha sauti. "Watu walikuja kukusikia wewe. Mimi nilikuwa kabati la kuwekea koti lako."

"Kwa hiyo unanizika mzima? Mimi ni nani sasa? Jina langu lote nimeliacha pale!"

"Uliliacha mwenyewe. Mimi niliuliza."

Roho iliniuma hivi kwamba kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na tusi. Nilitafuta moja tu, hata la kitanda, sikulipata. Dada alidhani nimesahau maneno yangu.

"Shikaneni mikono yaishe," alisema akijifuta machozi. "Mmeniliza bure."

Mpwa wangu akanyoosha mkono. Nikaupokea, kwa sababu mama yake alikuwa anaangalia. Akanibana kiganja, mara mbili, taratibu, kama nilivyomfundisha. Alinitazama akingoja nimbane.

Nikautoa mkono wangu. Dada akapiga makofi.