Saa ya Mtu Asiye na pa Kuwahi

Mwanamume aliyestaafu akitumwa dukani kununua kitu asichokihitaji, ana haki ya kushuku. Pampu alishuku tangu alipofunga geti la nyumba yake mpaka alipoingia duka la vifaa vya umeme. Alipoiona ile rafu ndefu ya saa zenye redio, tarakimu nyekundu huku na za kijani kule, shaka ikageuka kizunguzungu. Wakati wa chai mkewe alikuwa amesema maneno machache tu: anataka saa ya kuweka kando ya kitanda, yenye redio na kengele. Ya kumwamshia mumewe.

Kumwamsha aende wapi? Hakuuliza.

Jina la Pampu alipewa kazini, na siku hizi hata wakwe zake walimwita hivyo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mwendeshaji wa mitambo ya maji. Saa kumi na mbili kamili asubuhi alimpokea mwenzake wa zamu ya usiku, akasoma geji, akafungua valvu taratibu, akasikiliza pampu ya kwanza mpaka ikatulia, ndipo akawasha ya pili. Aliyechelewa hata dakika moja aliandikwa kwenye daftari la zamu kwa wino mwekundu. Pampu hakuandikwa hata siku moja. Wenzake walipomuuliza anaamshwa na saa gani, alijibu kwa maringo kwamba saa yake ni mke wake. Alilisema hilo hata kwenye sherehe ya kumuaga, kipaza sauti mkononi, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mkewe hakupiga. Pampu alidhani ameona haya.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Tangu hapo alikuwa nyumbani kutwa, na mtu aliyezoea mitambo haketi bure. Alikaza mabomba yote mpaka la jikoni likawa halifunguki bila koleo. Alipanga upya kabati la vyombo kwa ukubwa, vikombe vikaishia juu asikofika mkewe. Juzi alisimama nyuma ya mkewe akimweleza namna bora ya kuchemsha maji. Na leo ametumwa saa. Ukijumlisha hayo yote, Pampu aliona jibu ni moja: mama watoto amemchoka, anataka aamke mapema atoke, nyumba ipumue.

Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimkaribisha kwa bashasha na kumuuliza swali jepesi.

"Huwa unaamka saa ngapi, baba?"

Zamani Pampu angejibu bila kufikiri. Sasa alijikuna kichwa na kusema inategemea. Mama muuzaji akauliza inategemea nini, naye akasema hajui. Akaonyeshwa saa yenye kengele mbili, moja ya mume na moja ya mke. Akaonyeshwa nyingine iliyotupa tarakimu darini, mtu asome wakati akiwa chali. Ya tatu ilikuwa na kibonyezo kikubwa juu: ukikigusa inanyamaza dakika tisa, halafu inalia tena.

Hiyo ya tatu ilimvuruga kabisa. Kama mtu ameshaamka, inalia tena kwa nini? Na kama hajaamka, ameibonyezaje? Mama muuzaji alieleza mara mbili kwa subira. Pampu aliitikia kwa kichwa mara mbili, na mara zote mbili hakuelewa kitu. Kazini kwake kitufe kilikuwa na mawili tu, kuwasha na kuzima, na ukikosea mji mzima unakauka.

Mwishowe alimpigia simu binti yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hana muda wa maneno mengi. Binti alimkumbusha kwamba simu aliyoishika sikioni ina kengele, tena ya bure. Pampu akasema mama yake anataka saa, si simu. Basi ampigie mama, binti akasema, darasa linamsubiri.

Akampigia. Mkewe hakujali rangi ya tarakimu wala wingi wa vitufe. Alichotaka ni kimoja tu.

"Iwe ya kuaminika," alisema. "Isije ikakosa hata siku moja."

"Mama watoto, mimi siku hizi siendi popote."

"Najua," akasema mkewe, na akakata simu.

Pampu akairudisha simu mfukoni. Kisha akaona kama ni mbaya, na iwe mbaya. Kama anafukuzwa, afukuzwe kwa sauti inayosikika. Akachagua saa kubwa kuliko zote, nyeusi, nzito, ambayo mama muuzaji mwenyewe alimwonya kwamba, kwa ukali wa kengele yake, inanunuliwa zaidi na watu wa usingizi wa pono.

Nyumbani mkewe aliifungua palepale kitandani. Hakucheka ukubwa wake. Alitaka kujua umeme ukikatika itakuwaje, na Pampu akamwonyesha mahali pa betri upande wa chini. Akataka kuisikia inavyolia. Pampu akabonyeza, na ule mlio ukawarusha wote wawili. Mkewe akashika kifua, akavuta pumzi, kisha akasema hiyo hasa ndiyo aliyokuwa akiitaka. Ndipo Pampu alipopiga moyo konde.

"Niambie tu ukweli. Umenichoka?"

Mkewe alimtazama kana kwamba ameongea lugha ngeni. Akaiweka saa mapajani, akausokota waya wake.

"Unaikumbuka ile saa yetu ya kwanza, ya kutia ufunguo?" alisema. "Ilikukosesha basi mara moja, ukaitupa jalalani. Ukaniambia kuanzia leo saa yangu ni wewe."

"Nilikuwa nakusifu."

"Najua ulikuwa unanisifu. Ila sijalala tangu siku ile."

Pampu hakuelewa, na uso wake ulisema hivyo. Mkewe akamweleza bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kila usiku alishtuka saa nane, saa tisa, saa kumi, akichungulia dirishani kujua giza limefika wapi, akiogopa kupitiwa. Wakati wa kunyonyesha, wakati wa homa, hata wiki aliyomzika mama yake. Alfajiri alimgusa bega, akamchemshia maji, na mume akishatoka tu, watoto walikuwa wameamka. Alikuwa amejipa moyo kwamba mume akistaafu atalala. Sasa mume amestaafu, naye bado anashtuka saa nane, saa tisa, saa kumi. Mwili umekataa kusikia habari ya kustaafu.

"Nikasema labda kikiwepo kitu kingine humu ndani chenye hiyo kazi, moyo utaiachia. Tega saa kumi na moja, kama zamani."

Miaka yote Pampu alijua mgandamizo wa maji ya mji mzima kwa kutega sikio tu, na hakujua hili lililokuwa ubavuni pake. Alijisikia aibu. Akategesha saa, akakagua mara mbili, akaiweka upande wake mwenyewe.

Alfajiri alifumbua macho kabla haijalia. Kwenye mwanga wa tarakimu alimwona mkewe amejiinua kwa kiwiko, amekaza macho kupita juu ya bega la mumewe.

"Unafanya nini?" Pampu alinong'ona.

"Naangalia kama italia."

Pampu akanyoosha mkono na kuizima. Akaketi. Akakanyaga sakafu, akatafuta suruali, akafunga mkanda, akavaa na viatu.

"Nimeshaamka," alisema. "Mimi huyu hapa, nimesimama, nimevaa. Hakuna wa kumwamsha tena. Lala."

Mkewe alimkagua kuanzia viatu mpaka kola. Kisha akajilaza, akavuta shuka, akageukia ukutani.

Pampu alisimama mlangoni bila kujua aende wapi. Kurudi kitandani aliogopa, kitanda kingepiga kelele. Jikoni hakujua majani ya chai yanakaa wapi, na kufungua geti kungemshtua. Basi akabaki palepale na viatu vyake. Kukapambazuka, jua likapanda, watu wakaanza kupita njiani wakiongea, na yeye bado amesimama, miguu inamuuma, anamtazama mtu aliyelala naye miaka thelathini na kitu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona amelala.

Kumbe alikuwa anakoroma.