Vikombe Kumi na Tisa Vyeupe

...na birika hili nalo mbona halichemki, nimelikodolea macho kana kwamba ndiyo litafanya haraka, kule ukumbini Hilda anapanga viti vya wazee, ananiita, “Leanne, mwanangu, chai ndiyo kwanza inapandwa huko?”, nacheka, nacheka nini mimi, leo siku yangu ya mwisho hapa, Jumatatu narudi kampuni ya bima, miezi sita waliyoniazima kwa kituo hiki cha wazee imekwisha, tumewapa watu wa Burnley mfanyakazi wetu bora, ndivyo walivyoandika kwenye jarida la kampuni, na picha yangu juu, mfanyakazi bora, lo, aliyeingia jikoni humu wiki ya kwanza akakuta vikombe kumi na tisa vimening'inia kwenye misumari, kila kimoja na sura yake, vingine vimemeguka ukingo, akasema jamani, haipendezi, tununue vyeupe, seti moja, na Hilda akajibu tu, “Haya, wewe ndiye msomi”... kwa nini hukunigombeza, Hilda, miaka ishirini na miwili uko hapa, ungeniambia kwamba kila mzee akifika hujichukulia chake, na saa sita ikigonga kikombe bado kiko msumarini mtu anavaa koti anakwenda kugonga mlango wa mwenyewe, hukuniambia, au uliniambia, ndiyo, uliniambia, nilikuwa naandika ripoti, nikaitikia mhm bila kuinua kichwa... na Jumatatu iliyopita wazee wakanywa chai, Jumanne wakanywa, vikombe vyeupe viwili vitatu vikabaki kabatini kama vinavyobaki kila siku, nani angejua, na Mzee Wilf Hargreaves yuko sakafuni chini ya ngazi zake, nyonga imevunjika, siku mbili, anaita, Mungu wangu, anaita nani, mpaka Jumatano jirani aliposikia... sasa mapafu, daktari anasema mapafu, tungoje simu, nami nimempigia bosi nimwombe wiki mbili tu, “Pole, Leanne, mradi umeshafungwa,” umefungwa, basi, kama dirisha...

“Nakwenda hospitali saa nane,” Hilda kasimama mlangoni, kashika kitambaa cha meza, hana hasira, afadhali angekuwa nayo, “Wilf chai yao haigusi, anataka kikombe chake. Lile duka la mitumba ulikovipeleka vile vya zamani, hawajakiuza?”

“Nitapita kuuliza.”

“Utakitambua, sivyo? Ulivifunga mwenyewe.”

“Nitakitambua,” nasema, naye anaondoka, na nilivifunga kweli, kimoja kimoja kwenye magazeti, kulikuwa na kimoja cha bluu, kimoja cha timu ya mpira, kimoja chenye paka, cha Wilf kipi, miezi sita nimemmiminia chai mtu yule, nimemwandika kwenye ripoti tatu, kipi, Leanne, kumbuka, kipi... siwezi, sikuwahi kutazama, birika bado, natoa vikombe vyeupe navipanga kwenye sinia, kumi na tisa vyote, kimojawapo ni cha Wilf, na sijui kipi.