Kuhamisha Mawe

…na hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, taratibu sasa, taratibu, likiniponyoka litapasua kioo cha chini cha tangi na sebule yote iwe ziwa, shati nimelikunja mpaka begani na bado limelowa, na Chifu ananigonga vidole, gonga tu mzee, gonga, leo hata wewe huna boma, ameshakuwa mweusi kwa hasira, mashavu yamemvimba, yale madoa ya manjano kwenye pezi lake la nyuma yanawaka, samaki tu, fulu wa ziwani, wa ukubwa wa kiganja, na anadhani yeye ndiye serikali, ndiyo maana Kasyoka alimpa jina hilo, tazama anavyokagua mipaka yake, alisema, akacheka mpaka akashika meza, na jiwe hili pia ni lake Kasyoka, alilibeba kutoka mto Athi kwa leso, mgongoni, watu kwenye stendi ya basi wakadhani ni mtoto, marehemu mke wangu wa kwanza alikuwa na vituko… “Baba Kanyiva, ile sanduku ya bluu iko wapi?” Huyo ni Nanjala, chumbani, anafunga mizigo. “Juu ya kabati,” namwambia, kwa sauti ya mtu anayeulizwa chumvi iko wapi, kana kwamba mke wangu anakwenda sokoni Kangemi kununua sukuma wiki atarudi saa kumi, na ndugu yake Tobias amekaa hapo nyuma yangu kwenye kochi na kikombe cha chai, pikapu ya tajiri wake wa Karen iko nje ya geti, amekuja kumchukua dada yake ampeleke steshoni, na treni ya Kisumu haimngoji mtu, lakini Tobias ana adabu, hasemi twende, anasema, “Shemeji, hii samaki yako inakula nini?” Minyoo, namwambia, na kiini cha yai siku ya Jumapili. “Yai!” anasema. “Huko kwetu sisi ndio tunakula yeye.” Anacheka, na mimi nacheka, wanaume wawili wapumbavu wanacheka, na huko chumbani droo inafunguliwa, inafungwa, inafunguliwa.

Polepole na jiwe, mkono umeanza kufa ganzi, lakini siwezi kuliweka popote tu, lazima liende mahali pasipo pake, hiyo ndiyo siri yenyewe, alinifundisha Bwana Fernandes, bosi wangu wa posta, Mgoa, aliyeniachia tangi hili alipoanza kuuza vitu vyake, mwaka mmoja kabla ya kuhamia Uingereza, tangi, pampu, Chifu mwenyewe akiwa mdogo kama kidole, na mafundisho yote, kwamba maji ya mfereji ya Nairobi yana dawa, yalaze kwenye karai siku nzima kabla hujayamimina, kwamba usioshe mawe kwa sabuni, na siku nilipomnunulia Chifu mwenzake nikamtumbukiza tu ndani hivi hivi, karibu mgeni, asubuhi nikamkuta amejibana nyuma ya bomba la hewa, mapezi yamechanika yote, amekufa macho wazi, nikaenda kazini nikamlaani Chifu mbele ya watu, huyu samaki ni muuaji, na Bwana Fernandes hakucheka hata kidogo, alisema, “Kivuva, kosa si yake, kosa ni yako, wewe umeweka mgeni ndani ya nyumba ya mtu. Hamisha mawe kwanza, bwana, yote, usiache hata moja. Yule mzee akitazama hajui nyumba yake iko wapi, basi wote wawili ni wageni, wataanza pamoja.” Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawakufuga fulu, na huyu mgeni wa leo yupo hapa juu, ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo unaoelea, anangoja maji ya mkebe yapate joto moja na ya tangi, jike, wa kijivu tu, hana madoa, hana makuu, wiki nzima amekaa peke yake kwenye beseni jikoni tuone kama ana ugonjwa, hana, ni mzima, na aliyemleta ni Nanjala.

Alimleta kutoka Kisumu, usiku kucha kwenye treni, alikuwa ameenda kwao Bungoma kumzika shangazi yake, na wakati wa kurudi akapitia Kisumu, akashuka mpaka kwa wavuvi akawaomba fulu, mzima si wa kukaanga, lazima walimshangaa, akampakata kwenye mkebe, mke wa mtu na nguo za matanga, na nadhani hakulala, nadhani alikuwa akichota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena ili yapate hewa, jinsi anionavyo nikifanya, nasema nadhani kwa sababu sikumuuliza, Mungu wangu, sikumuuliza hata amefikaje, nilimpokea mlangoni na nikapokea mkebe kwanza, nikaenda nao dirishani kwenye mwanga, nikasema mzuri, mzuri sana, nilikuwa nikimsifu samaki, na yeye akabaki kwenye kizingiti na kiatu kimoja mkononi, akasema, “Nimeona Chifu yako iko peke yake sana,” na usiku huohuo baada ya chakula, vyombo vikiwa bado mezani, akasema, “Jumamosi nitaenda nyumbani, Baba Kanyiva, na sitarudi,” bila kelele, bila machozi, na mimi nikauliza, “Kwa nini?” na akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mlevi anayeuliza njia ya kwake huku ameegemea mlango wake, akainuka akatoa vyombo. Kwa hiyo wakati anawaomba wale wavuvi alikuwa ameshaamua, au aliamulia kwenye treni, au aliamua pale mlangoni nilipochukua mkebe nikamwacha amesimama, natamani iwe kwenye treni, pale mlangoni sitaweza kupabeba.

Kwa nini, eti kwa nini, mwanamume mzima, sijampiga hata siku moja, simnyimi, sinywi pombe isipokuwa Krismasi, hayo ndiyo nimekuwa nikijiambia wiki nzima nikitia mihuri kwenye barua za watu, umemkosea nini, Kivuva, hujamkosea kitu… ila kabati. Mbona linanijia kabati? Lile la vyombo, lenye vikombe vya Kasyoka ambavyo hakuna anayenywea, mwezi wa kwanza wa ndoa yetu Nanjala alilitoa pale dirishani akalisukuma mpaka kando ya mlango, peke yake, siku nzima, nami nilipotoka kazini nikakuta sebule ina jua, kumbe nyumba hii ya Woodley ina jua na miaka yote hatukujua, na yeye alikuwa kwenye mlango wa jikoni akipangusa mikono, ananitazama usoni anangoja, na nikasema, “Eh.” Neno lenyewe ndilo hilo. Na Jumapili alipokwenda kanisani, mimi na binti yangu tukalirudisha, Kanyiva akivuta mimi nikisukuma, tukicheka, kana kwamba tunaokoa kitu, na aliporudi akaliona, akalifungua pale pale lilipo, akatoa sahani akapakua chakula, na mimi nikamwona ni mwanamke mwenye hekima, anayejua kukubali, ndivyo nilivyomwambia dada yangu Annah, huyu ni mtu wa kukubali. Mapazia ya Kasyoka. Picha ya Kasyoka juu ya redio, na haki yake iwe pale, nani angesema itolewe, lakini cherehani yake, isiguswe? Kiti chake, kisikaliwe? Hata upande wa kitanda nilimwonyesha kwa kidole, wewe utalala huku. Ah, lakini mtu si samaki, Bwana Fernandes alikuwa akisema habari za samaki, na mimi nimesimama hapa nimeinama kama mtu anayemwogesha punda na natafuta mafumbo, Chifu acha vidole vyangu, nimesema acha…

“Kanyiva,” naisikia sauti ya Nanjala kwenye ujia, na hatua za mtoto zinasimama, mtoto, ana miaka kumi na minne sasa, tangu asubuhi amejifungia chumbani anajifanya anasoma, hajawahi kumwita Nanjala mama, anamwita anti, na mezani anazungumza nami Kikamba, na mimi namjibu Kikamba, miaka miwili, Nanjala katikati yetu anakula, si kwa ubaya, ni mazoea tu, ndiyo lugha ya nyumba hii, nami huwaza kwamba humpumzisha, mtu akikaa bila kuelewa hupumzika… na sasa Nanjala anamwambia mtoto kwamba upindo wa sketi yake ya shule ameumaliza, ameitundika nyuma ya mlango, asiivae kabla ya kuipiga pasi, na anasema yote hayo kwa Kikamba. Kikamba. Kizito kidogo, cha mtu wa Bungoma, lakini chote kipo, hakikosi kitu. Halafu sauti ndogo ya Kanyiva, “Asante,” kwa Kiswahili, kana kwamba wamebadilishana nguo.

Tobias anakunywa chai, yeye hajasikia kitu, na mimi nimeshika jiwe. Tangu lini? Ofisini anakopiga taipu kuna Mkamba mmoja meza ya pili, anaweza kuwa alimwomba amfundishe, au alitusikiliza tu, miaka miwili ni mingi kwa mtu mwenye masikio, akajifunza kwetu kama mtu anayeokota makombo chini ya meza, akangoja mmoja wetu amuulize, unaelewa? Hatukuuliza. Na yale yote yaliyosemwa… Annah alipokuja Pasaka, mezani, mchuzi ukipita, Annah akasema huyu wako anakula vizuri lakini tumbo lake halina habari, na Kanyiva akacheka, na mimi nikasema, nakumbuka nilichosema, afadhali nisingekumbuka, nikasema mwache, angalau anajua kupika, na Nanjala akamsogezea Annah bakuli la mboga. Alimsogezea mboga. “Ongeza chumvi kama haijakolea, dada,” alimwambia. Alikuwa amesikia. Alisikia lile, na yale ya kabati, nilipomwambia Kanyiva mbele yake usijali, hatagusa tena kitu cha mama yako, na yale ya usiku ule nilipoomba kwa Kikamba, kwa sauti, nikimshukuru Mungu kwa ajili ya Kasyoka, mke wangu, mmoja tu, na Nanjala akasema amina. Nilidhani amina yake ni ya adabu. Ee Nanjala. Mimi nilikuwa namwona amekaa nje ya mlango, nikamhurumia kidogo, nikajisifu kwa huruma hiyo, kumbe alikuwa ameshaingia zamani, amekaa ndani kabisa, anasikia kila kitu, na bado akakesha kwenye kochi akipinda sketi ya mtoto, na bado akashuka kwa wavuvi. Nampenda. Tazama saa ninayolijua hilo, mkono ndani ya maji. Majuto ni mjukuu, wanasema, mimi sijangoja hata mjukuu, yameninyoosha yangali machanga, najuta, najuta, na kila siku ya hii wiki alinipa nafasi, sanduku moja linafungwaje siku sita, alikuwa akikunja nguo moja, anakwenda jikoni, anarudi, anakunjua, anakunja, na mimi nikalaza maji ya samaki.

Sanduku linaburuzwa. Yupo mlangoni, nimemwona kwenye kioo cha tangi kabla sijageuza shingo, koti la safari, kitambaa kichwani, anaangalia mkebe. “Usimtoe haraka,” anasema, “ametoka mbali.” Namwambia ndiyo. Ananiona nilivyoinama na jiwe, anaweka sanduku chini, kweli analiweka chini, anapandisha mkono wa koti. “Ni nzito? Nikushikie?” Na hilo ndilo limeniuma kuliko yote, kwamba hata sasa, pikapu ikiwa nje, yuko tayari kunishikia mimi jiwe la Kasyoka wakati mimi napanga, na ningesema ndiyo angelishika, angebaki dakika tano tena, kumi, nami ningekuwa nimezinunua kwa bei ileile ya zamani. “Hapana,” nasema, “wewe niambie tu, Nanjala. Unataka niliweke wapi?” Tobias ameacha kunywa. Nanjala anatazama ndani ya maji, muda mrefu, anatazama mawe yaliyokwisha kuhama na Chifu anayezunguka hana mahali, na nauona uso wake ukifanya kama unataka kuchagua, karibu achague, mdomo umefunguka, halafu anashusha mkono wa koti polepole mpaka kwenye kifundo, anaufunga kifungo chake. “Weka tu mahali lilikuwa, Baba Kanyiva,” anasema, kwa upole, bila kisasi hata chembe, na Tobias anainuka, na sanduku linaanza tena kuburuzwa kwenye saruji kuelekea mlangoni, na mimi bado nimeinama, jiwe bado liko mkononi, maji bado yako kwapani, nazungusha macho chini ya tangi, huku, hapana, kule karibu na bomba, hapana, mawe yote nimeyahamisha mwenyewe asubuhi hii moja baada ya moja, na pale lilipokuwa sipaoni tena.