Majirani wa Chumba Namba Tisa

"Watumishi wote wanatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu tarehe 9 Mei 1994, chai ya saa nne haitanywewa tena ukumbini bali katika chumba namba tisa. Kila mtumishi aje na kikombe chake. Vikombe visivyo na vishikio havitapokelewa."

Tangazo hilo lilibandikwa na Bwana Wambura, afisa utawala wa idara ndogo ya vipimo mjini Dodoma. Sababu haikuandikwa, ingawa ilijulikana. Idara zilikuwa zimeagizwa kujitafutia mapato, na ukumbi ulikuwa umekodishwa kwa mfanyabiashara wa mitumba.

Chumba namba tisa hakikuwa kitupu. Ndani yake mlikuwa na meza, taa, makasha manne ya vioo vya picha, yaani picha zilizopigwa juu ya kioo badala ya filamu, na Octavian Chilongani, mpimaji, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu. Vioo hivyo viliachwa na wataalamu wa kigeni waliokuja miaka ya sabini kusimika darubini kwenye kilima kimoja kando ya barabara ya Mpwapwa, kwa kuwa anga la nyanda hizi halina mawingu kwa miezi saba ya mwaka, neema ambayo mkulima wa mtama huiita kwa jina jingine. Mkataba uliwalazimu kuacha nchini picha walizozipiga. Waliziacha, wakaondoka na darubini.

Vioo vyote vilionyesha sehemu moja ya anga la kusini, penye kundi dogo la galaksi tano. Vitabu huziita galaksi jirani. Ni ujirani wa namba, kwa maana mwanga unaoonekana leo uliondoka huko kabla hajatokea binadamu wa kuuona. Kwenye kioo, nyota ni kitone cheusi na galaksi ni doa la kijivu. Kwa miaka kumi na mmoja Octavian alikuwa akiyapima madoa hayo kwa lenzi na rula ya chuma.

"Majirani zako hawajambo?" Wambura alimwuliza kila asubuhi.

"Hawajahama."

"Afadhali wao. Hawadai nauli ya likizo."

Jambo ambalo Wambura hakulijua ni kwamba Octavian alikuwa amempata jirani wa sita. Lilikuwa doa hafifu, dogo kuliko chembe ya ulezi, lakini lilionekana kwenye kioo cha mwaka 1972 na tena kwenye kioo cha mwaka 1974, mahali pale pale. Kioo kimoja kisingetosha, maana doa moja laweza kuwa vumbi. Vumbi, hata hivyo, halirudi kwenye kiti chake baada ya miaka miwili. Alikiandikia chuo kimoja cha ng'ambo, na mwezi Machi akajibiwa: atume vioo vyote viwili; doa likithibitika, litaingizwa katika orodha kwa jina lake. Tangu hapo alikuwa akikusanya gharama za kuvituma.

Barua hiyo ilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu mwaka huo serikali ilikuwa ikipunguza watumishi. Kikao kutoka wizarani kingekuja Juni kumwuliza kila mmoja swali moja: meza yako imezalisha nini? Octavian alikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa kwenye vioo viwili.

Ili kupisha chai, makasha yalitolewa na kuwekwa kwenye kibaraza cha nje, kila moja na fomu yake. Fomu iliuliza: "Kifaa kilitumika mara ya mwisho lini?" Kioo cha picha hutumika mara moja tu, pale mwanga unapokiangukia. Octavian, ambaye alikuwa ameviinamia vioo hivyo asubuhi ile ile, aliandika kwa usahihi: 1971, 1972, 1973, 1974. Kisha akaenda Mvumi kumzika shangazi yake.

Aliporudi baada ya siku nne, makasha hayakuwepo. Kamati ya vifaa chakavu ilikuwa imeamua kwamba kila kisichotumika kwa zaidi ya miaka kumi kipigwe mnada. Mnunuzi alikuwa Mrisho, fundi wa fremu za picha huko Kizota.

Octavian alimkuta Mrisho akikata mbao. Stara, mkewe, alikuwa ameinama juu ya pipa la maji ya moto yenye magadi.

"Shikamoo, mzee. Fremu ya arusi au ya marehemu?"

"Marahaba. Nafuata vioo ulivyonunua Alhamisi."

"Ah, vile! Vioo vya haja, mzee, havina mawimbi hata kidogo. Ila uchafu! Nikamwambia mke wangu, hawa watu wa serikali nzi wamewashinda, wamenyea mpaka ndani ya makasha."

"Mimi nilidhani eksirei," alisema Stara, akiendelea kusugua. "Nikasema makubwa haya, hospitali imepigwa mnada na vifua vya wagonjwa."

"Si eksirei, mama. Ni nyota."

Mrisho akaweka msumeno chini.

"Zote zile?"

"Na galaksi sita."

"Pole, mzee. Wallahi ningejua, ningekuachia japo chache."

Vioo vilikuwa vimepangwa ukutani, vyeupe kabisa, bila kitone wala doa. Kwenye kona ya kila kimoja palikuwa na namba iliyochorwa kwa ncha ya almasi, na namba hizo magadi hayakuzigusa. Octavian alizisoma zote. Kimoja tu kilikuwa hakijaoshwa, kwa sababu Stara alikuwa akiweka sabuni juu yake. Kilikuwa cha mwaka 1974, na doa lilikuwepo. Kile cha mwaka 1972 kilikuwa kimeoshwa na kuuzwa siku iliyotangulia.

"Hicho kimefunika picha ya arusi ya Swalihu, kule Chang'ombe," alisema Mrisho. "Nenda ukakione. Bwana na bibi arusi wanaonekana safi sana."

Wambura, akihofia wakaguzi wangekuja kuvihesabu kwa mujibu wa mkataba, alivikomboa vioo vyote, hata cha Swalihu. Juni kikao kikaja, kikiongozwa na Bi. Miriam. Octavian aliweka kioo kimoja mezani, na lenzi.

"Hili ndilo doa?"

"Ndilo."

"Nitajuaje kwamba si vumbi?"

"Kwa kioo cha pili, mheshimiwa."

"Kiko wapi?"

Octavian akakiweka kando ya kile cha kwanza. Bi. Miriam aliinama, akatazama kwa lenzi. Aliona mbao za meza, na ncha ya mkono wake mwenyewe. Wambura hakuuliza habari za majirani.

Barua ilifika baada ya siku tisa. Ilisomeka hivi:

"Kikao kimehakiki namba za vioo na kuridhika kwamba hakuna hata kimoja kilichopotea. Hivyo imeamuliwa kama ifuatavyo: vioo virejeshwe chumba namba tisa, ambacho kuanzia sasa hakitatumika kwa shughuli nyingine yoyote; na nafasi ya mpimaji, Bw. O. Chilongani, ifutwe tarehe 30 Juni kwa kukosa uthibitisho wa kazi. Aidha, suala la mahali pa kunywea chai liwasilishwe katika kikao kijacho."